Who Killed Captain Alex?

Who Killed Captain Alex? (yaani “Nani Aliyemuua Kapteni Alex?”) ni filamu ya Uganda ya mwaka 2010 inayochanganya mapigano, mauaji na vichekesho. Iliandikwa na kuongozwa na Nabwana I.G.G., aliyekuwa fundi wa kufyatua matofali, katika mtaa wa Wakaliga, Kampala.

Kapteni Alex anatumwa kulisambaratisha genge la wauaji la Tiger Mafia, linaloongozwa na Richard. Anauawa. Ndugu yake Bruce U, bingwa wa kung fu, anaingia kumtafuta muuaji, lakini filamu inakwisha bila muuaji huyo kujulikana.

Gharama inatajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Bunduki zilitengenezwa kwa mbao na vyuma chakavu, na helikopta na milipuko ilichorwa kwenye kompyuta ambayo Nabwana aliiunga mwenyewe. Kwa uchache huo wa vifaa, ubunifu wake ni wa kustaajabisha.

Roho ya filamu, hata hivyo, ni sauti ya VJ Emmie, msimulizi anayewatania wahusika huku maiti zikirundikana. Bila yeye, mauaji yangebaki mauaji tu. Usimulizi wa namna hiyo wanaufahamu vyema watazamaji wa vibanda vya video Afrika Mashariki: Kenya wana DJ Afro, na Tanzania alivuma Lufufu. Nakala ya awali ya filamu, isiyo na sauti ya VJ Emmie, ilifutwa ili kupata nafasi ya kazi nyingine; iliyosalia ndiyo iliyowekwa YouTube mwaka 2015.