Kitufe Chekundu: Historia ya Teknolojia katika Darasa la Fasihi, Kitale na Bungoma

Utangulizi

Mpenzi msomaji, swali lifuatalo si geni kwako: eleza umuhimu wa kinasasauti katika ukusanyaji wa fasihi simulizi. Ikiwa wewe ni mwalimu, umelitunga na kulisahihisha mara nyingi. Ikiwa wewe ni mtahiniwa, hoja zake umezikariri: kinasasauti huhifadhi sauti halisi ya fanani, hunasa kiimbo na mahadhi, humwezesha mtafiti kuirejelea kazi baadaye, na kadhalika. Alama unazipata. Sasa nikuulize swali ambalo halimo katika karatasi ya 102/3: ni lini ulipobonyeza kitufe cha kurekodi mbele ya fanani?

Wengi wetu tutanyamaza. Mimi mwenyewe nilihitimu shahada ya elimu na kuanza kufunza kabla sijafanya hivyo hata mara moja. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi tulivyofika hapo. Nitafuatilia vyombo vya teknolojia vilivyoingia katika shule zetu za upili tangu enzi ya redio, nikilitazama hasa eneo nililofunza, yaani Kitale na Bungoma. Hoja yangu ni moja: karibu kila chombo kilichotujia tulikitumia kupokea sauti za watu wa mbali; ni nadra sana tulipokitumia kunasa sauti za watu wa karibu.

Ukiabiri matatu kutoka Kitale kuelekea Bungoma, utapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha utakata kulia. Eneo hili halikosi fasihi andishi. Marehemu Ken Walibora alizaliwa Bungoma mwaka wa 1965, akalelewa Cherang'any upande wa Kitale, na katika riwaya yake ya Siku Njema (1996) akamsafirisha Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale. Riwaya hiyo ilitahiniwa, ikasomwa nchi nzima. Fasihi simulizi ya eneo lilo hilo je, imehifadhiwa wapi?

Enzi ya redio

Chombo cha kwanza kuleta sauti ya nje darasani kilikuwa redio. Katika miaka ya 1960 vipindi vya shule vilikuwa vikirushwa na Sauti ya Kenya, shirika ambalo tangu 1989 tunaliita KBC. Taasisi ya Elimu ya Kenya (KIE), iliyoundwa 1968 na ambayo tangu 2013 ni KICD, ndiyo iliyoviandaa vipindi hivyo kwa miaka mingi. Ratiba ilitumwa shuleni, mwalimu akatakiwa kuiwasha redio saa iliyopangwa.

Ugumu ulikuwa papo hapo. Kipindi hakikulingoja darasa. Ikiwa saa hiyo ilikuwa ya Hisabati katika ratiba ya shule, basi Kiswahili kilipita hewani bila msikilizaji. Mwanafunzi hakuweza kuuliza swali, wala mwalimu hakuweza kusema, "Hebu turudie hapo." Aidha, shule nyingi za mashambani hazikuwa na umeme, na betri zilipoisha nguvu somo nalo liliisha.

Hata hivyo, tusiibeze redio. Mwanafunzi aliyekulia mbali na pwani alisikia matamshi sanifu na mashairi yakighaniwa kwa mahadhi yake. Lakini sauti ilitoka Nairobi kuja Bungoma, haikutoka Bungoma kwenda popote. Fauka ya hayo, Kiswahili chenyewe kilikuwa bado kinyonge shuleni. Ni baada ya ripoti ya tume ya Mackay ya 1981, na kuanzishwa kwa mfumo wa 8-4-4 mwaka wa 1985, ndipo kilipokuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa 1989. Enzi ya redio, kwa hiyo, ilitukuta bila hadhi ya kudai chombo chetu wenyewe.

Kanda na kitufe chekundu

Kinasasauti cha kanda kiliondoa udhaifu mmoja wa redio: mwalimu aliweza kukisimamisha na kukirudisha nyuma. Lakini kilileta jambo kubwa zaidi ambalo wengi hatukulitilia maanani. Redio ilijua kusema tu. Kinasasauti kilijua kusikiliza pia. Katika vyombo vingi kitufe cha kurekodi kilitiwa rangi nyekundu, na katika shule nyingi kitufe hicho ndicho kilichobaki kipya, kwa kuwa hakikuguswa. Tulicheza kanda zilizoletwa, basi.

Wageni walikiona tusichokiona. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alifika Bonde la Ufa akarekodi nyimbo za Wakipsigis, na mwaka wa 1954 akaasisi maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini. Sauti za mababu wa wanafunzi wetu zikawa zinahifadhiwa ng'ambo, ilhali shule zilizokuwa karibu na mafanani hao hazikuhifadhi lolote. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hizi zilikwenda, na kurejea kwake kukachukua miongo mingi.

Tarakilishi na kufuli

Mwishoni mwa miaka ya 1990 somo la tarakilishi lilikuwa limeingia katika orodha ya masomo ya hiari ya KCSE. Mwaka wa 2002 likaanzishwa shirika la Computers for Schools Kenya, likazipa shule mashine zilizokwisha kutumika kwingine. Katikati ya miaka ya 2000 mpango wa NEPAD uliteua shule sita za Kenya kuwa za mfano, na ya jirani yetu katika hizo ilikuwa Chavakali, kaunti ya Vihiga ya leo. Mwaka wa 2006 serikali ilitoa mkakati wa teknolojia katika elimu. Sheria ya Kawi ya mwaka huo huo ikaunda mamlaka ya kusambaza umeme vijijini, na shule za upili zikawa miongoni mwa taasisi zilizotangulizwa kuunganishwa. Kisha mwaka wa 2009 mpango wa kufufua uchumi ukatenga fedha za tarakilishi kwa shule katika maeneo bunge, na Julai mwaka uo huo mkonga wa SEACOM ukafika Mombasa, intaneti ikaanza kuwa ya kasi zaidi.

Utaona, msomaji, kwamba serikali haikulala. Tatizo lilikuwa mahali chombo kilipowekwa. Tarakilishi haikuingia darasani. Iliingia katika chumba chenye vyuma madirishani na kufuli mlangoni. Kwa hofu ya wezi, jambo ambalo siwezi kulidharau, ufunguo ulikaa kwa mtu mmoja. Mwenye ufunguo alikuwa mwalimu wa tarakilishi, na chumba kikawa cha wanafunzi wake wachache. Mwalimu wa Kiswahili alipita nje akielekea darasani na chaki yake.

Nasi tulifanya nini? Tulibishana kuhusu jina. Je, ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mjadala huo una maana katika isimu, na nimeushiriki kwa furaha. Lakini nakiri kwamba tulikipa chombo majina matatu kabla ya kukipa kazi moja katika somo letu.

Nitakusimulia kisa kimoja. Mwaka wa 2014 nilikuwa nikifunza shule moja ya Bungoma. Nilikipa kidato cha tatu kazi mradi ya kukusanya bembelezi. Shule ilikuwa na kinasasauti kidogo cha kisasa, lakini kilifungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa safarini. Likizo ilikuwa inaanza kesho yake. Niliwaambia watumie kalamu na karatasi. Msichana mmoja alirudi na bembelezi ya nyanyake, mishororo kumi na miwili iliyonukuliwa kwa hati safi. Nilipomwomba atuimbie alijaribu, akasita, akasema, "Mwalimu, maneno ninayo, lakini sauti yake imenipotea." Nikamwahidi kwamba likizo ijayo angekwenda na kinasasauti. Kabla ya likizo hiyo nyanya alifariki. Karatasi ile ninayo hadi leo. Nilimpa alama kumi na nane kwa ishirini, nami sijui mbili nilizomnyima zilikuwa za nani.

Mwaka wa 2020

Tarehe 15 Machi 2020 ilitangazwa kwamba shule zifungwe kwa sababu ya korona. Masomo yakarudi redioni kupitia KBC, runingani na katika mtandao wa KICD. Vidato vya nne walirudi shuleni tarehe 12 Oktoba, na wanafunzi wote Januari 2021. Katika miezi hiyo tulifufua enzi ya redio bila kujua: sauti kutoka Nairobi, wanafunzi wakipokea. Asiyekuwa na redio, umeme au rununu hakupokea. Waliokuwa na rununu walipokezana miongozo ya vitabu teule, na tangu hapo wapo watahiniwa wanaousoma mwongozo mwanzo hadi mwisho bila kukifunua kitabu chenyewe. Mtahiniwa, ikiwa unasemwa wewe, nisikilize: mwongozo hukueleza kilichomo kitabuni, lakini hauwezi kukupa sikio la kusikia lugha ya mwandishi.

Ni katika kipindi hicho, tarehe 10 Aprili, tulipompoteza Ken Walibora jijini Nairobi. Tulilia, kisha tukafungua rununu zetu tukamsikiliza tena. Sauti yake tunayo kwa sababu alikuwa mtangazaji wa runinga na alihojiwa mara nyingi. Swali likanijia usiku mmoja: mafanani wa Cherang'any na Bungoma waliofariki mwaka ule, nani anayo sauti yao?

Kinachopotea

Chukua mfano wa kumuse. Mzee wa heshima wa Kibukusu akifa, siku chache baada ya mazishi huitwa mlumbi maalum aswale kumuse. Hutembea mbele ya hadhira akiwa na fimbo, akasimulia asili ya koo, akaonya na kuusia, akawatuliza wafiwa. Wachache tu ndio wanaoruhusiwa kufanya hivyo, na ustadi huu hurithishwa ndani ya koo maalum. Kwetu darasani huu ni ulumbi, kipera ambacho mtahiniwa hutakiwa kukifafanua. Au chukua mgani wa Mango, aliyemuua joka lililowala watu, ndipo akatahiriwa. Mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, jando la Wabukusu hufanywa na wimbo wa sioyaye husikika barabarani. Darasa la fasihi simulizi hupita mbele ya lango la shule, nasi tukiwa ndani tunanukuu sifa za nyimbo za jandoni kutoka ubaoni.

Ukiandika maneno ya kumuse bila sauti, umepoteza vituo, mwendo, kupanda na kushuka kwa sauti, na mwitikio wa hadhira. Hizo ndizo sifa zinazoitofautisha fasihi simulizi na andishi.

Tufanyeje?

Leo mwalimu hahitaji chumba chenye kufuli. Rununu yake ina kinasasauti na kamera. Shule nyingi haziwaruhusu wanafunzi kuwa na rununu, nami sipendekezi sheria hiyo ivunjwe. Rununu moja ya mwalimu yatosha darasa zima. Napendekeza hatua hizi:

Kwanza, mwalike fanani mmoja shuleni kila muhula, au uwapeleke wanafunzi kwake. Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa 1974, pia yanafaa kwa ziara ya aina hii. Pili, omba idhini kabla ya kurekodi. Yako mambo ya jandoni yasiyofaa kunaswa, na mwanafunzi ajifunze kwamba maadili ya utafiti si hoja ya mtihani tu. Tatu, mwanafunzi ndiye abonyeze kitufe, si mwalimu. Nne, darasa linukuu lilichosikia, litafsiri kwa Kiswahili, kisha lijadili kilichopotea katika tafsiri. Somo moja la namna hii hufunza vipera, tamathali na uhifadhi kwa pamoja. Tano, nakala zihifadhiwe mahali pawili, na moja irudishwe kwa jamaa ya fanani.

Huenda ukasema silabasi ni ndefu na muda ni mfupi. Ni kweli, nami pia naukimbiza muda huo huo. Lakini mada ya ukusanyaji tayari imo katika silabasi. Tunachobadilisha ni namna ya kuifunza. Mtaala mpya wa umilisi, ambao kundi lake la kwanza liliingia sekondari ya chini mwaka wa 2023, umeutaja ujuzi wa kidijitali kuwa mmojawapo wa umilisi saba wa msingi. Tusipotoa kazi ya maana kwa chombo, chombo kitajitafutia kazi nyingine mikononi mwa wanafunzi.

Hitimisho

Tumeona redio ikija na kupita, kanda ikija na kitufe chake chekundu, tarakilishi ikifungiwa, na mwaka wa 2020 ukiturudisha tulikoanzia. Katika kila enzi chombo kilikuwepo na fanani alikuwepo, ila hawakukutanishwa. Vyombo vitazidi kuja, lakini mafanani hawatatungoja. Mwalimu mwenzangu, kabla hujaliandika tena ubaoni swali la umuhimu wa kinasasauti, wape wanafunzi wako nafasi ya kulijibu kwa masikio yao.

Maswali ya kudurusu

1. Linganisha redio na kinasasauti kama nyenzo za kufunzia fasihi simulizi. (alama 6)
2. Fafanua vipengele vinne vya ulumbi vinavyopotea ulumbi unapohifadhiwa kwa maandishi pekee. (alama 8)
3. Mtambue fanani mmoja katika kijiji chako. Andaa maswali sita utakayomuuliza, na ueleze utakavyoomba idhini yake. (alama 6)