Mateka Wasio na Bwana

Pembeni mwa Kanisa Kuu la Anglikana, mtaa wa Mkunazini, Zanzibar, kuna shimo lililojengewa kuta za mawe. Ndani yake wamesimama watu watano, wanaume kwa wanawake, pete za chuma shingoni, wameunganishwa kwa mnyororo. Miili ni ya saruji. Mnyororo si wa kuigiza: ni chuma cha enzi za biashara ya watumwa. Sanamu hizo ni kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, na ziliwekwa mwishoni mwa miaka ya 1990.

Bwana wao hayumo.

Hilo si jambo dogo, kwani kwa karne nyingi mateka alichongwa ili mshindi atukuke. Nguzo ya mfalme Trajan mjini Roma, iliyokamilika mwaka 113, imezungushiwa michoro ya mawe inayoonyesha Wadacia wakipigwa na kutekwa. Huko Livorno, bandari ya Italia, Ferdinando I, mtawala wa Toscana, amesimama juu kabisa, mweupe kwa marumaru ya Giovanni Bandini. Kati ya 1623 na 1626 Pietro Tacca alimwongezea mateka wanne wa shaba nyeusi, mmoja kila pembe ya kiweko, mikono imefungwa kwa nyuma. Tacca aliwafuata watu halisi gerezani, walikofungiwa watumwa wapiga makasia wa meli za vita, akawatazama vizuri kabla ya kufinyanga. Ndiyo maana migongo ile imejipinda na misuli imekakamaa kama ya mtu anayevuta pumzi kwa shida. Mkono wake ulikuwa hodari kupindukia, na inauma kuona uhodari wote huo umewekwa miguuni pa mtawala, kama pambo la kiti chake.

Mkunazini palikuwa na soko la watumwa. Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, alilifunga Juni 1873, baada ya kubanwa na Waingereza na kutia saini mkataba, na kabla ya mwaka kwisha jiwe la msingi la kanisa likawekwa papo hapo. Sörnäs hakuwapandisha watu wake juu ya kiweko, aliwateremsha ardhini. Mgeni anayefika ukingoni huwatazama kutoka juu, kama alivyotazama mnunuzi. Akitaka kuwaona uso kwa uso, hana budi kupiga magoti.