Jibini Haikuanzia Kwenye Pizza: Stori ya Watu Ambao Maziwa Yaliwavuruga Tumbo

Ukitaja jibini kitaani, wengi wanawaza pizza, baga na bei. Wengine wanaishia kwenye utani, maana ukiitamka kizungu, "chizi", kuna mtu atageuka akidhani ametukanwa. Kwa wengi ni chakula cha watu wa hotelini, na wanaoogopa kunenepa wameshaifuta kabisa kwenye sahani. Ila ukiifuata jibini mpaka ilikotoka, unakuta watu wa kawaida sana, wakulima wenye ng'ombe wachache, wasio na friji, na ambao maziwa mabichi yalikuwa yanawaharibia siku nzima.

Stori inaanzia kwenye vigae vya vyungu. Huko Polandi, eneo la Kuyavia, wachimbaji wa mambo ya kale walikuwa wanaokota vipande vya vyungu vyenye vitundu vingi vidogo, vya miaka kama 7,000 iliyopita. Vilikuwa vya nini? Kila mtu na lake. Kuna waliosema vilichuja asali, wengine pombe, wengine wakasema ni vya kuwekea makaa. Mwanaakiolojia mmoja Mmarekani akaja kuona vyombo vya zamani vya kutengenezea jibini nyumbani kwa rafiki yake kule Vermont, navyo vina vitundu vilevile. Akili ikamcheza. Miaka ya 1980 akaandika kwamba vile vigae ni vichujio vya jibini. Wazo zuri, lakini ushahidi hakuwa nao.

Jamaa akasubiri karibu miaka 30. Mwaka 2012 wanakemia walipima mafuta yaliyokuwa yamenyweshwa ndani ya udongo wa vile vigae, wakakuta ni mafuta ya maziwa. Sasa nani anachuja maziwa kwenye chombo chenye matundu, kama si mtu anayetenganisha donge na maji yake? Kesi ikaisha hapo.

Lakini ishu kubwa ni kwa nini wale wakulima walihangaika hivyo. Mbona wasinywe tu maziwa?

Kwa sababu wengi wao yangewasumbua. Maziwa yana sukari yake, inaitwa laktosi, na ili tumbo liisage linahitaji kimeng'enya kinachoitwa laktesi. Mtoto mchanga anazaliwa nacho. Kwa watu wengi kinapungua kadiri wanavyokua, na ndiyo maana duniani leo karibu theluthi mbili ya watu wazima hawaisagi vizuri laktosi. Glasi moja, tumbo linaunguruma, gesi, na safari za chooni. Vipimo vya vinasaba kutoka kwenye mifupa ya kale vimeonyesha kwamba Ulaya walitumia maziwa kwa maelfu ya miaka kabla uwezo huo wa kuyasaga ukubwani haujawa wa watu wengi. Yaani hawa Wazungu tunaowaona wakinywa maziwa kama maji, mababu zao walikuwa hawayawezi.

Jibini ndiyo ilikuwa njia ya kukwepa. Ukigandisha maziwa na kuyachuja, sehemu kubwa ya laktosi inaondoka na yale maji. Inayobaki inaliwa na bakteria jinsi jibini inavyokaa, na ile ngumu iliyokaa miezi inabaki na kidogo sana au karibu hakuna. Mtu anapata protini na madini ya maziwa bila vurugu, tena kwenye kitu kinachokaa wiki na miezi bila kuoza.

Afrika Mashariki nako watu walipita humohumo kwa njia zao. Mtindi, au mala kama wanavyoita Kenya, nao bakteria wake wanaila laktosi kabla yako. Halafu utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba wafugaji wengi wa Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko yao wenyewe ya vinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti kabisa na yale ya Ulaya. Kwa hiyo ile kauli ya "Mwafrika na maziwa haviendani" haina miguu. Inategemea umetoka kwa nani.

Ushahidi mwingine uko jangwani, kaskazini magharibi mwa China. Maiti zilizokauka za zaidi ya miaka 3,000 zilikutwa na vipande vya jibini vilivyowekwa shingoni. Wamezikwa na chakula chao, na vinasaba vyao vinasema hawakuwa na uwezo wa kusaga laktosi! Misri nako, kwenye kaburi la ofisa mmoja kule Saqqara, ilikutwa jibini ya miaka kama 3,200, na ndani yake dalili za bakteria wa bruselosi. Ugonjwa huo upo mpaka leo kwa wafugaji wetu, na unapita kwenye maziwa mabichi. Jibini ya kununua mtaani bila kujua kama maziwa yalichemshwa bado ni kamari.

Sasa rudi karibu na nyumbani. Kwenye vilima vya Masisi, juu ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, kuna majani mabichi na baridi ya kutosha, ila umeme na barabara ni shida. Maziwa yakikamuliwa asubuhi hayafiki mjini salama. Miaka ya 1970 mapadri wa Kibelgiji waliwaonyesha wafugaji wa huko namna ya kutengeneza jibini kama ile ya Uholanzi. Maziwa yanapashwa kwa kuni, yanatiwa kigandishi, donge linakatwa na kukandamizwa kwenye chombo cha duara, linalowekwa kwenye maji ya chumvi, kisha linakaa rafuni likigeuzwa mara kwa mara. Karibu lita 10 za maziwa zinatoa kilo moja. Mapadri wakaondoka, ujuzi ukabaki kwa wenyeji, na duara hizo zikawa zinapandishwa ndege hadi Kinshasa, maana barabara ya kueleweka ya kufika huko hakuna.

Halafu vita. Miaka ya 1990 ng'ombe wa Masisi waliibwa na kuchinjwa kwa wingi, viwanda vidogo vikafungwa. Watu wakarudi, wakanunua ndama, wakaanza upya. Januari 2025 waasi wa M23 wakaiteka Goma na uwanja wa ndege ukafungwa. Mfugaji ambaye jibini ndiyo ada ya mtoto wake hapo anafanyaje?

Na sahani yako je? Kipande cha gramu 30, ukubwa wa kiberiti, cha jibini ngumu kina protini kama gramu 7 na kalsiamu kama miligramu 200, wakati mtu mzima anahitaji karibu 1,000 kwa siku. Mafuta yapo, gramu 5 hadi 6 za yale yanayogandia. Ajabu ni kwamba majaribio yaliyolinganisha jibini na siagi yenye mafuta kiasi kilekile yalikuta jibini inapandisha kolesteroli mbaya kidogo kuliko siagi. Chumvi ndiyo ya kuangalia, karibu nusu gramu kwenye kiberiti hicho, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku nzima. Mwenye presha ahesabu.

Ila kiberiti kimoja kwenye ugali na mboga za majani, au na parachichi na mkate wa ngano nzima, si sawa na robo kilo iliyoyeyushwa juu ya chipsi. Wale wakulima wa Kuyavia walikuwa na bahati moja, chipsi hazikuwepo. Na kama maziwa yanakusumbua tumbo tangu ukubwani, anza na kipande kidogo cha ile ngumu iliyokaa muda mrefu, si ile laini ya kupaka, maana laini bado ina laktosi yake.