Mapinduzi ya Zanzibar katika vyombo vya habari vya Magharibi

Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 yaliipindua serikali iliyokuwa chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah. Magazeti ya Marekani na Uingereza yaliyaeleza zaidi kama tukio la Vita Baridi, na Zanzibar ikaitwa "Kuba ya Afrika".

Maelezo hayo yalifunika sababu za ndani. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha ASP kilipata takriban 54% za kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. ZNP na ZPPP viliunda serikali kwa viti 18.

Filamu ya Kiitalia *Africa Addio* (1966) ilionyesha mauaji ya Waarabu yaliyofuata mapinduzi, yakiwa yamepigwa picha kutoka angani. Imelaumiwa kwa ubaguzi wa rangi.