Kibodi ya mzimu: historia fupi ya programu kuiamuru programu nyingine

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi za ofisini zimenizidi. Leo siwaletei simu mpya. Leo ni historia, na inaanzia hapa Riruta Satellite, katika saiba ya shangazi yangu, si mbali na Barabara ya Naivasha.

Kila mwisho wa muhula shule moja ya jirani humpa shangazi kazi ya ripoti fomu. Alama huja katika lahajedwali, fomu yenyewe ni waraka wa LibreOffice, na wanafunzi ni 240. Alikuwa akinakili jina moja moja hadi usiku. Mimi na digrii yangu ya sayansi ya kompyuta nikamwambia, "Shangazi, niachie hiyo."

Nikaandika skripti inayojifanya kibodi: ruka kisanduku, andika alama, hifadhi, chapisha. Ilikwenda vizuri mpaka fomu ya thelathini hivi. Kisha mteja akataka barua yake ya kuomba kazi. Shangazi akafungua dirisha la ile barua, na skripti yangu ikaendelea kumwaga alama za hisabati katikati yake. Tuliporudi kwenye fomu, mambo yalikuwa yamesogea. Mtoto aliyepata 81 alikuwa ameandikiwa 34 ya mwenzake.

Shangazi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa hiyo programu yako inajuaje inamwandikia nani?"

Ukweli ni kwamba haikujua. Kibodi ya mzimu ni kama kutupa barua dirishani ukitumaini mwenyewe ndiye anayepita. Swali la shangazi, hata hivyo, watu wamelihangaikia tangu zamani.

Mwaka 1987 Microsoft walileta DDE katika Windows. Programu moja ingeweza kuiita nyingine iliyo wazi kwa kutaja mambo matatu: jina la programu, mada (kwa mfano faili fulani), na kitu chenyewe, kwa mfano seli moja ya lahajedwali. Tayari hapo barua ilikuwa na anwani. Mwaka 1993 walipiga hatua kubwa zaidi. Excel 5 iliwaonyesha waandishi wa programu vitu vyake vya ndani, yaani vitabu, kurasa na seli, ili programu nyingine iviamuru moja kwa moja. Mwaka huo huo Apple walitoa AppleScript, ambayo iliwawezesha watumiaji wa Macintosh kufanya jambo kama hilo kwa sentensi zinazokaribia lugha ya kawaida.

Tawi linalotuhusu sisi Waswahili lilitoka Ujerumani. Kampuni ya StarDivision ilitengeneza StarOffice, Sun wakainunua mwaka 1999, na mwaka 2000 wakaufungua msimbo wake kwa umma. Hapo ndipo OpenOffice.org ilipozaliwa. Ndani yake mlikuwa na mfumo unaoitwa UNO. Kwa UNO, programu ya nje inaweza kuunganishwa na OpenOffice inayoendelea kufanya kazi, hata kutoka kompyuta nyingine, na kuiambia: chukua waraka huu, nenda kwenye jedwali hili, andika hapa. Toleo la 1.1 la mwaka 2003 lilileta daraja la lugha ya Python.

Sasa sikilizeni. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice. Hiyo ilikuwa OpenOffice yenye menyu za Kiswahili, na ilijengwa juu ya toleo hilo hilo la 1.1. Wengi wanaikumbuka kwa sababu ya istilahi. Mimi nawakumbusha kwamba mlango wa UNO ulikuwamo pia.

Kwa nini hilo ni muhimu? Fikiria skripti ya kibodi iliyoandikwa kwa menyu za Kiingereza. Inatafuta herufi E ya kuhariri. Tafsiri menyu hiyo iwe "Hariri", na herufi E haimo kabisa. Skripti inakufa. Lakini UNO haisomi menyu. Amri ya kuhifadhi ni .uno:Save, uwe unatumia Kiswahili, Kijerumani au Kichina. Kwa hiyo kutafsiri programu hakukuvunja kazi ya mtu aliyeiamuru kwa njia hii. Mwalimu angeweza kusoma Kiswahili kwenye skrini huku skripti ikiendelea na kazi yake chini kwa chini.

Mwaka 2010 baadhi ya waendelezaji walijitenga na kuanzisha LibreOffice. Waliondoka na UNO, na bado imo. Ukitaka kuijaribu, ifungue hivi:

soffice --accept="socket,host=localhost,port=2002;urp;"

Tahadhari, na hii si ndogo. Neno localhost lina maana kwamba ni programu za kompyuta hiyo hiyo tu zinazosikilizwa. Mlango huo hauulizi neno la siri. Ukiweka anwani inayosikiliza mtandao mzima wa saiba, mteja yeyote aliyekaa pale anaweza kufungua na kubadilisha nyaraka za wengine, ripoti fomu zikiwemo. Uwezo wa kuamuru kutoka mbali ni mzuri mpaka anayeamuru awe mtu usiyemjua.

Niliandika skripti upya kwa UNO. Kila fomu sasa hutafutwa kwa namba ya mwanafunzi, na alama huwekwa katika seli yenye jina la somo. Dirisha lolote likifunguliwa, skripti haina habari nalo. Fomu zote 240 zilirudiwa kabla shule haijazichukua, na mwenye barua alichapishiwa nyingine bila malipo.

Shangazi hata hivyo bado huchukua kila fomu ya kumi na kuilinganisha na orodha ya mwalimu kwa kalamu nyekundu. Sijamwambia aache.

Haya, kwa leo tuishie hapo. Aliyewahi kuitumia Jambo OpenOffice enzi zile, tafadhali tusimulie ilivyokuwa.