Simuleta ya mbio za magari

Simuleta ya mbio za magari ni mkusanyiko wa vifaa na programu ya kompyuta unaoiga uendeshaji wa gari katika uwanja wa mbio. Simuleta ya nyumbani huwa na usukani, pedali, kiti, skrini na kompyuta au konsoli ya michezo. Hutumiwa kwa burudani, na pia na madereva wanaojiandaa kwa uwanja halisi, kwa kuwa haili mafuta wala matairi na kosa lake halimjeruhi mtu.

Historia

Mwaka 2008 Nissan na PlayStation walianzisha GT Academy, shindano lililowageuza wachezaji bora wa Gran Turismo kuwa madereva wa kweli. Mshindi wa kwanza alikuwa Lucas Ordóñez wa Hispania. Mwaka 2011 alishinda Jann Mardenborough wa Uingereza. Wote wawili walikuwa katika timu iliyopata nafasi ya tatu ya daraja la LMP2 kwenye Saa 24 za Le Mans mwaka 2013.

Uchaguzi wa vifaa

Pedali ya breki: Katika gari la mbio, pedali ya breki husogea kidogo tu, na dereva hupima breki kwa nguvu ya mguu. Pedali nyingi za bei nafuu hupima umbali iliosogea, hivyo huufundisha mguu mazoea yasiyofaa uwanjani. Pedali yenye kihisio cha nguvu hupima mgandamizo wenyewe. Kwa anayefanya mazoezi ya uwanjani, hiki ndicho kifaa cha kutangulizwa.

Usukani: Mota huupa usukani uzito ili dereva ahisi matairi yanapoanza kuteleza. Mota hiyo huunganishwa kwa gia, kama katika Logitech G29, kwa mkanda, au moja kwa moja. Aina ya mwisho huonyesha mabadiliko madogo vizuri zaidi, lakini yenye nguvu kubwa yaweza kuumiza vidole gari linapogonga.

Kiti: Fremu haipaswi kupinda. Kiti cha ofisi chenye magurudumu hurudi nyuma breki inapokanyagwa kwa nguvu.

Skrini: Upana wa mandhari kwenye programu hulinganishwa na ukubwa wa skrini na umbali wake kutoka machoni. Usipolingana, dereva hukadiria vibaya mwendo na umbali wa kona.

Mipaka

Simuleta hufaa kwa kujifunza mpangilio wa kona na mahali pa kuanzia breki, hasa kwenye njia ndefu kama Nordschleife ya Nürburgring nchini Ujerumani, yenye takriban kilomita 20.8. Hata hivyo, mwili hausukumwi kama ndani ya gari linalofunga breki au kukata kona, na hofu ya ajali haipo. Kwa hiyo alama za breki zilizojifunzwa nyumbani hujaribiwa upya uwanjani, kwa kuanza na mwendo mdogo.