Seethe na Boil: Historia ya Vitenzi Viwili vya Jikoni katika Kiingereza

Mzungumzaji wa Kiingereza wa leo akitaka kutaja kuchemsha maji au yai hutumia kitenzi boil. Kitenzi seethe, kilichofanya kazi hiyo kwa karne nyingi kabla yake, hakisikiki tena jikoni. Kimebaki kusimulia hasira iliyozuiliwa kifuani na umati wa watu usiotulia. Maelezo yaliyozoeleka ni mepesi: Wanormandi waliiteka Uingereza mwaka 1066, wakaja na mapishi na msamiati wao, na maneno ya Wasaksoni yakasalimu amri. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, ila yanaruka hatua nyingi.

Seethe ni seoþan ya Kiingereza cha Kale, ndugu wa sieden ya Kijerumani. Boil ilitokana na boillir ya Kifaransa cha Kale, nayo ikatokana na bullire ya Kilatini, yaani kutoa viputo, kwa kuwa kiputo kiliitwa bulla. Bulla hiyohiyo likawa jina la muhuri wa risasi wa mviringo, na baadaye la waraka rasmi wa Papa uliotiwa muhuri huo. Jipu, ambalo pia huitwa boil, halimo katika ukoo huu. Asili yake ni byl ya Kiingereza cha Kale, na maumbo mawili yalikutana kwa kukaribiana matamshi tu. Anayelihusisha jipu na maji ya moto kwa sababu ya joto lake anaunganisha wasio ndugu.

Kama heshima ya Kifaransa ingetosha kukiondoa kitenzi cha Kisaksoni, basi jiko la mfalme lingekuwa la kwanza kukiacha. Haikuwa hivyo. The Forme of Cury, mkusanyo wa mapishi wa wapishi wakuu wa Mfalme Richard wa Pili, wa mnamo 1390, umejaa majina ya vyakula yenye asili ya Kifaransa, lakini maagizo yake hutumia seethe mara kwa mara, sambamba na boil. Hiyo ni zaidi ya miaka 300 baada ya utekaji! Tena bake, kitenzi cha Kisaksoni, hakijahama jikoni hadi leo, ingawa fry na roast ni wageni kutoka Kifaransa.

Sababu nyingine yafaa itafutwe ndani ya kitenzi chenyewe. Seethe kilibadili irabu ya mzizi kuonyesha wakati: seaþ, kisha soden. Maumbo hayo yalizaa sod na sodden. Katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, Yakobo bado anapika chakula chake kwa sod. Lakini sodden iliendelea kusogea mbali na chungu, ikaja kumaanisha kilicholowa chepechepe, na umbo lililotengana hivyo na kitenzi chake halimsaidii tena mpishi. Boil, yenye mnyambuliko wa kawaida, haikuwa na tatizo hilo. Wakati huohuo, mnamo 1600, seethe ilikuwa imeanza kuelezea akili zilizovurugika; Shakespeare aliitumia hivyo kuhusu wapenzi na wendawazimu.

Kiswahili kina jozi inayofanana na hiyo kwa kiasi. Aya ya Kutoka 23:19, inayokataza mwana-mbuzi kupikwa katika maziwa ya mama yake, ina seethe katika tafsiri ya 1611, na ina tokosa katika Biblia ya Kiswahili ya Union ya 1952, ilhali katika mazungumzo ya kila siku wengi husema chemsha. Hata hivyo Kiswahili hutenganisha kwa viambishi kinachochemka na anayekichemsha: tokota na tokosa, chemka na chemsha. Boil hubeba yote mawili kwa umbo moja. Seethe nayo iliyabeba zamani. Leo mtu hu-seethe mwenyewe kwa ghadhabu, wala hawezi ku-seethe nyama. Kwa kipimo cha Kiswahili, Kiingereza kimebakiwa na tokota na kuipoteza tokosa.